Gunia la Kwanza la Mashudu

Kalemie, Jumanne tarehe 11 mwezi wa tatu 2025

Kwa Papa yangu mupenzi, Papa Pontien, kule mulimani juu ya Moba,

Papa, pokea salamu za mutoto wako Evodie, anayekupigia magoti hapa katika karakana, juu ya sakafu inayoteleza mafuta. Umeamkaje? Goti la kushoto linakusumbua bado, baridi ya mulimani ikiingia? Kifua je? Zile dawa nilizotuma kabla ya Noeli, unazinywa weye mwenyewe, ao umezigawa kwa kijiji kizima kama unavyofanya siku zote? Ninakujua, Papa. Muntu akikohoa mara moja mbele yako, unamupa kidonge.

Mimi mwili ni muzima, tumushukuru Mungu. Homa sina, mikono na miguu inafanya kazi. Nikisema roho nayo ni nzima nitakuwa nakudanganya, na barua hii ninaiandika ili niache kukudanganya.

Najua macho yako hayaoni tena maandiko, kwa hiyo ninamuomba katekista Firmin akusomee. Firmin, nisamehe kwa kukupa kazi hii. Soma pole pole, usiruke neno hata kama linauma, na usisome kwa Papa peke yake. Soma Siku ya Mungu, Jumapili hii, jamaa yote ikiwa imekaa, na Emilie akiwa palepale anasikia. Kaka yangu Blanchard akisimama katikati akisema inatosha, umwambie Evodie ameomba akae chini mpaka mwisho.

Maana nimepata habari, Papa. Dereva wa moto, ile pikipiki ya abiria, aliyeshuka kutoka kwenu wiki iliyopita alinieleza yote. Alisema Siku ya Mungu hii mutakaa kukata shauri la Emilie, muke wa marehemu kaka yetu Toussaint, Emilie yule anayekulishia nguruwe. Alisema mutamurudisha kwao Kiambi mikono mitupu, na wale watoto watatu aliozaa na Toussaint watabaki kwetu. Hata yule mudogo ambaye bado ananyonya! Kwa sababu nguruwe wako kumi na mmoja wamekufa kwa siku tatu, na kwa sababu Blanchard alimukuta Emilie nyuma ya banda anafukia gunia la mashudu, na alipoulizwa alinyamaza. Alisema pia kuna mama mumoja wa maombi, aliyepita kijijini, aliyefunga macho akasema mukono unaolisha njo mukono unaoua. Tangu siku hiyo Emilie analala katika jikoni ya Firmin, na wanamuke wa kisimani wanasema kwanza alikula bwana wake kwa uchawi, sasa amekula nguruwe.

Utaniuliza kwa nini ninaandika na simu iko. Papa, nilikupigia mara mbili. Mara ya kwanza ulipanda mpaka kwenye lile jiwe penye rezo ya simu, nikasikia unavyohema, ukasema alo, alo mutoto wangu. Nilikuwa nimejitayarisha tangu asubuhi. Mudomo ukafunguka, nikakuuliza habari ya mvua. Ukanieleza mvua vizuri, dakika nne, ukanibariki, kadi ya simu ikaisha. Mara ya pili nilikuuliza kama mahindi yamepandwa. Mutoto wa miaka thelathini na nane! Nikikaa na kalamu hakuna anayenijibu, hakuna anayeniita mutoto wangu kwa sauti ile, na labda nitaweza.

Basi acha nikueleze kazi ilivyokuwa musimu huu, ufahamu kitu kimoja kimoja.

Kalemie tunaishi hivyo hivyo. Ziwa lililopanda na kuingia katika nyumba za chini limerudi nyuma, lakini ardhi yetu ya huku kando ya muto Lukuga imelewa maji mpaka leo. Ukichimba urefu wa mukono, shimo linajaa lenyewe. Treni ya kutoka Nyunzu inakuja siku inayojisikia kuja. Karanga zilikuwa chache sana. Wakulima wanaogopa barabara, na wale wanaothubutu wanaleta magunia mawili, matatu, wamechoka kabisa. Karibu mwezi wa kwanza wote motere ya mashini yangu ililala. Nilikuwa naipangusa vumbi kila asubuhi kama muntu anayemuosha mugonjwa.

Unakumbuka ulivyokasirika nilipoacha kuuza vitenge nikaingia katika kukamua mafuta. Ulisema mwanamuke anayenuka mazutu ya motere hakuna wa kumuoa, na kusema kweli mpaka leo hujakosea. Aliyenifundisha ni Mama Adolphine, yule muzee wa Lubuye mwenye mikono myeusi. Alinifundisha kumenya karanga, kuzipasha moto kidogo kwenye pipa zisiungue, kuzimwaga juu ya mashini, na kukaza visi, ile skrubu kubwa, mpaka mafuta yadondoke chini katika beseni, na mashudu yatoke mbele, vipande vyembamba, vikavu, vinavyonukia. Na desturi ya kazi hii ni moja kwa wote tunaokamua hapa: mwenye karanga anaondoka na mafuta yake, mashudu yanabaki kwa mwenye mashini. Mashudu njo mushahara wetu. Wanaofuga kuku, bata na nguruwe wanayanunua, yananenepesha kuliko pumba.

Musimu wa kwanza nilipokutumia gunia la mashudu, Papa, nilisikia ulichofanya. Hukulipeleka kwenye banda. Ulilibeba mpaka kanisani, ukaliweka mbele pamoja na matoleo, ukasema watu wote waone, huyu njo mutoto wangu wa Kalemie, anatuma chakula cha wanyama badala ya kuomba nyama. Aka! Weye uliyesema nanuka mazutu! Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Tangu hapo nikaweka sheria yangu: gunia la kwanza la kila musimu ni la Papa, kabla sijauza hata kikombe. Miaka mitano haijakosa. Na kila mwaka unatangaza. Watu wakishuka mpaka Kalemie wananitafuta, wananiambia wewe njo yule wa gunia. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Nilipenda kuliko inavyofaa.

Sasa, mwishoni mwa mwezi wa kwanza alikuja Papa Isidore, mufanyabiashara wa mafuta ya nywele na sabuni. Alileta magunia kumi na mawili ya mbarika, zile mbegu za kung'aa zenye madoadoa, mbegu moja inafanana na kupe aliyeshiba damu. Kijijini tulikuwa tunachezea mbarika tukiwa wadogo na Mama marehemu akitupiga mikono ili tusitie mudomoni. Isidore alitaka mafuta meupe, kwa hiyo alisema mbegu zisipite kwenye moto hata kidogo, zikamuliwe mbichi. Nilifurahi kupita kiasi. Motere iliunguruma siku nne mufululizo.

Mama Adolphine alinifundisha mbarika pia, na alinifundisha kwa ukali. Mafuta ya mbarika hayana neno, alisema, yanachujwa yanakwenda zake. Sumu yote inabaki katika mashudu. Mashudu ya mbarika hayapewi munyama hata mumoja. Yanafukiwa chini sana, ao yanapelekwa katika shamba la mihogo kama mbolea, mbali na mifugo. Na baada ya mbarika mashini inafunguliwa, inasuguliwa, halafu unapitisha pumba beseni mbili nzima, na pumba ile unaichoma. Alinishika sikio, Papa, muntu mukubwa kama mimi, akaniuliza nimesikia. Nikasema nimesikia.

Nilichimba shimo nyuma ya karakana. Likajaa maji kabla sijamaliza kuchimba. Basi nikaweka mashudu ya mbarika kwenye kona, nikingoja muntu wa mashamba aje kuyachukua. Magunia mengine yalikuwa yametoboka, mengine yalimwagika, sakafu ikawa imejaa.

Siku iliyofuata, asubuhi, mama mumoja wa Nyunzu akaleta magunia mawili ya karanga, za kwanza za musimu. Alikuwa na haraka, mutoto wake mugonjwa alimungoja. Na mimi nilikuwa na haraka yangu: boti ya Moba ilikuwa inatoka saa nane, na siku mbili kabla nilikuwa nimekuambia katika simu kwamba gunia lako liko njiani. Haikuwa kweli. Ulikuwa umeniambia nguruwe dume amekonda, na yule jike mukubwa anakaribia kuzaa, na kwamba matanga ya Toussaint yatamalizwa baada ya Pasaka na unataka siku hiyo nguruwe watatu walale chini, watu wajue Toussaint alikuwa na baba. Niliona haya kukuambia sina kitu. Nikasema liko njiani.

Pumba haikuwa karibu, Papa. Ya kununua ilikuwa sokoni, mwendo wa kwenda na kurudi. Nilifungua mashini, nikaisugua kwa burashi na tambala, nikafunga, nikamwaga karanga. Pumba sikupitisha. Mashudu ya mwanzo yalipotoka niliona rangi imechafuka kidogo, nikajiambia karanga zenyewe ni za mvua.

Zikaisha. Gunia halikufika hata nusu. Nikalinyanyua, likawa jepesi kama la mutoto wa shule. Nikafikiri utakavyolibeba mbele ya watu, na Blanchard atakavyocheka, maana Blanchard hajawahi kunisamehe kwa magunia yale. Nikachukua ufagio. Sakafu ilikuwa na mashudu mengi, ya karanga na ya kule kwenye kona, yamechanganyika. Nikafagia, nikakusanya, nikatia ndani.

Papa, niliyaona. Nataka Firmin asome hapa mara mbili. Niliyaona yale maganda yenye madoadoa ndani ya gunia lako. Nilijua ni nini. Nikaanza kuyaokota moja moja. Niliokota mpaka kiganja kikajaa, nikatupa, nikaokota tena, na kadiri nilivyochimba chini ndivyo nilivyoyaona mengine. Huko nje muntu wa mukokoteni anapiga kelele kwamba boti haitamungoja muntu. Nikajiambia kilichobaki ni kidogo. Nikajiambia nguruwe anakula hata kiatu na hafi. Nikashona mudomo wa gunia kwa kamba ya buluu, nikaandika jina lako kwa makaa, na nikalitoa mimi mwenyewe mulangoni.

Hakuna mama wa maombi, hakuna mufumu, hakuna mukono wa Emilie. Ni mukono wangu. Nguruwe wako waliokuwa wanatapika na kuhara damu, niliwaua mimi nikiwa hapa Kalemie, safari nzima ya ziwa ikiwa katikati yetu, na jioni ile nilipika samaki nikala vizuri.

Blanchard, najua uko hapo. Utasema ninamutetea Emilie kwa sababu tulipendana tangu alipoolewa. Panda moto, nenda Moba, uliza daktari wa mifugo yeyote mbarika inafanya nini katika tumbo la nguruwe. Kisha muende pale Emilie alipofukia lile gunia, mufukue. Kama mvua haijaozesha yote, chekecha udongo kwa mikono yako uone maganda yale. Wanamuke wote wa kijiji wanazijua mbegu zile, watakuambia. Lakini usilambe vidole, na uoshe mikono.

Sasa nimefika mahali ambapo tangu asubuhi nimekuwa nikipazunguka. Nimechana karatasi tatu hapa. Kuua nguruwe ni kosa, na mungenigombeza, mungenitukana, mwisho mungenisamehe, kwa sababu kila anayefuga amewahi kupoteza. Kilicho kibaya zaidi ni hiki kinachokuja, Papa, na ninaogopa.

Siku ile nguruwe wa kwanza alipoanguka, Emilie alipanda kwenye jiwe na simu ya Firmin, akanipigia mimi. Alikuwa analia. Alisema yule jike mukubwa amelala ubavu, anatetemeka, watoto wake wamekufa tumboni, na wengine wawili wameanza kutapika. Aliniuliza afanye nini, kwa sababu mimi wa mujini ninajua mambo ya chakula cha mifugo. Hakunishuku hata chembe. Na mimi nikajua palepale, kabla hajamaliza kusema. Nikauliza gunia limebaki kiasi gani. Akasema nusu, na kwamba watoto wanakwenda kuiba mashudu, wanayatia chumvi, wanatafuna, kama sisi sote tulivyofanya. Mungu wangu, Papa! Elie na Nadine, wale wakubwa wawili wa Emilie! Nikakaa chini hapohapo katika mafuta.

Nilimwambia akimbie. Nilimwambia alifukie gunia lile sasa hivi, mbali na kuku, mbali na watoto, asiache hata punje. Na hilo nilifanya vizuri, na ni Emilie aliyewaokoa watoto, kwa sababu alikimbia kweli. Lakini kabla hajakata simu, nikamwambia neno lingine. Nilimwambia asimwambie muntu yeyote kwamba ni mimi niliyemutuma kufukia. Asiseme kwa Papa, asiseme kwa Blanchard, hata kwa Firmin, hata kwa padri katika kitubio. Akauliza kwa nini. Nikamwambia aape. Na kwa sababu nilijua anavyompenda kaka yangu hata sasa akiwa chini ya udongo, nikamuapisha kwa kaburi la Toussaint. Akaapa.

Nilisema ni siku mbili tu, mpaka nipate maneno ya kumwambia Papa. Siku mbili zimekuwa wiki tatu na zaidi.

Basi mumeelewa sasa kwa nini Emilie hajibu. Blanchard alimukuta na jembe, akamuuliza anaficha nini, akanyamaza. Mukamuita mbele ya wazee, mukamuuliza nani alimutuma, akanyamaza. Mukamutoa katika nyumba aliyojengewa na bwana wake, mukamunyang'anya funguo za ghala, na hajasema. Dereva alinieleza kwamba mutoto mudogo alikuwa anapelekwa kwake kunyonya na kurudishwa, kama mutoto wa kukodi, na mama yake anamutoa kifuani mwenyewe, anamukabidhi kwa dada yetu, hasemi kitu. Neno moja tu lingemutoa pale. Jina langu. Amelishika katika mudomo wiki tatu wakati mimi niko hapa nakuuliza habari za mvua.

Hata hajanitumia ujumbe kunikumbusha. Ningependa angenitukana.

Nimejaribu kuja, Papa. Mara mbili nilifika bandarini na mufuko wangu. Mara ya pili nilipanda kabisa, nikakaa katikati ya magunia ya chumvi, na walipoanza kufungua kamba nikasema nimesahau kitu nyumbani, nikashuka. Watu walinicheka. Kwa hiyo miguu yangu siiamini tena. Barua hii inatangulia kesho Jumatano na nahodha wa boti, mwenyewe ameniahidi kuitia mukononi mwa muntu wa moto atakayepanda kwenu Ijumaa. Mimi nitapanda boti ya Alhamisi. Nimemuomba Mama Adolphine anisindikize mpaka nikae ndani, na amesema atanishika sikio tena mpaka boti itoke. Amejua yote. Hakunigombeza. Alikaa juu ya ndoo akasema tu Evodie, Evodie, mara nyingi, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Tulifungua mashini pamoja, tukasugua mpaka chuma kikawa cheupe, na nimeweka kufuli mulangoni. Kama nitaifungua tena sijui.

Lakini ziwa lina mawazo yake wakati huu, na huenda mukakaa Siku ya Mungu sijafika bado. Musiningoje ili kumutendea Emilie haki. Nguruwe siwezi kuwafufua. Mutakachoniambia kuhusu nguruwe nitafanya, na kama jamaa itasema nisiitwe tena mutoto wa nyumba ile, nitasikia. Matanga ya Toussaint musiyaahirishe kwa sababu ya aibu yangu. Chinjeni kuku, pikeni maharagi, Toussaint hakuwa muntu wa makuu. Ila Emilie akae mahali pa muke wa marehemu, mbele, na watoto wake watatu wamuzunguke.

Na jambo moja haliwezi kungoja boti. Kiapo nilimufunga mimi, na munajua kwetu aliyefunga njo anayefungua. Kwa hiyo hata mukimusomea barua hii yote, atakaa kimya, ataangalia chini, na kuna muntu kati yenu atakayesema mwenye hatia njo anaangalia chini. Papa, nakuomba kwa maziwa ya Mama yaliyonilea. Chukua fimbo yako, simama, nenda mpaka pale alipokaa. Usimutume Blanchard, usimutume mutoto. Mushike mukono weye mwenyewe, kisha sema kwa sauti jamaa yote isikie: Evodie amekufungua. Kwa kaburi la Toussaint alikufunga, kwa kaburi la Toussaint amekufungua. Usiongeze neno.

Nisalimie watu wa kisimani, hata wale waliosema. Nisalimie Elie na Nadine, waambie shangazi anawaomba wasitafune tena mashudu ya aina yoyote. Mubusu mudogo kwenye utosi, mukishamurudisha kwa mama yake. Nisalimie Blanchard, kaka yangu ni kaka yangu. Firmin, asante kwa jikoni yako, na asante kwa macho yako. Nawe Papa, meza dawa, jifunike kifua jioni, na ukiweza, usinilaani kabla sijafika.

Emilie wifi yangu, uliyekaa hapo pembeni: sema sasa. Sema kila kitu.

Ni mimi mutoto wako, Papa,

Evodie